Mizizi Iliyoliliwa Kabla ya Kupandwa

Waliokuwepo niwataje kwanza, maana tangu nirudi Macalder kila anayepita hapa kwangu ananiuliza "Ulikwenda na nani?" kabla hata hajaketi. Nilikuwepo mimi, Dorsila Auma, ambaye wengi wenu mnaniita Nyar Karungu kwa sababu ndiko nilikozaliwa. Alikuwepo Penina Boke, Mkuria, rafiki yangu wa soko la Migori. Tumeuza mikeka tukikaa bega kwa bega tangu watoto wetu wakinyonya, na kwa kuwa yeye hajui Dholuo na mimi Kikuria kimenishinda, maisha yetu yote tumegombana kwa Kiswahili. Dereva alikuwa Zakayo Odero, mtoto wa ndugu ya marehemu mume wangu, kwa hiyo kwetu ni mwanangu. Huyo ni Msabato, na si Msabato wa mdomo. Aliyetuita ni binti yangu Risper Anyango, aliyeolewa upande wa Kendu Bay. Wengine walijiunga nasi njiani, nitawataja tukiwafikia.

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu. Mkiona nimeandika kama ninavyosema, ni kwa sababu sina namna nyingine.

Kwa nini tuliondoka mbio

Kuna ndege mmoja mweusi mgongoni, kifua chekundu sana, na utosi wa njano kama amevaa kofia. Huyo hakai kwenye mti wala kwenye nyasi. Anakaa ndani ya mafunjo, yale tunayokata ziwani na mtoni kusukia mikeka, ambayo sisi tunaita togo. Dume anapiga mluzi, na jike anaitikia kabla dume hajamaliza, utadhani ni ndege mmoja mwenye midomo miwili. Ukimwondolea mafunjo umemwondoa duniani.

Sasa miaka hii mvua imeacha adabu. Ziwa lilipanda likaingia mpaka jikoni kwa watu, likazamisha mafunjo yote mbele ya kwa kina Risper. Likaja tena jua kali, na yaliyobaki yakachomwa moto. Vijana waliokuja na darubini kuhesabu ndege wanasema haya ni mabadiliko ya tabianchi. Mimi najua tu kwamba mama yangu alijua mwezi wa kupanda, na mimi siujui tena. Pale kwa Risper kikabaki kichaka kimoja cha mafunjo chenye ndege wawili, dume na jike. Ng'ambo kuna mafunjo mengi yenye ndege wengine, lakini katikati ni tope tupu, na wale ndege wanaogopa kuvuka mahali peupe.

Kikundi cha akina mama cha Risper kilitaka kuziba hilo tope kwa mafunjo, yawe kama daraja. Walipanda miche midogo ya kitaluni, mawimbi yakaibeba. Na jirani yao mzee, jaduong' Ezekiel Opondo, ambaye shamba lake la sukuma wiki lilimezwa na ziwa, alikuwa analitaka tope lilelile alime. Mtu huyo hana ubaya, naye ana watoto wa kulisha. Chifu mdogo akakata maneno: mpaka baraza la Jumatatu, pale patakapokuwa na mafunjo hai ni pa ndege, patakapokuwa wazi ni pa Opondo.

Risper akanipigia simu Jumatano. "Mama, nataka mizizi mikubwa, ile ya mafunjo yaliyokomaa. Iko kwenu Mto Kuja. Ukichelewa nimekwisha."

Nikakaa kitako. Nimekata mafunjo zaidi ya miaka hamsini, mabinti zangu wamesoma kwa mafunjo, na sijawahi kupanda hata moja. Nikamwambia, "Ngoja, nakuja nayo mwenyewe."

Macalder mpaka Migori

Alhamisi nzima nilikuwa kwenye maji ya Kuja hadi kiunoni, nikang'oa mizizi minene kama mkono wa mtoto, mashina yake nikayakata mafupi. Ijumaa alfajiri Zakayo akaja na pikapu yake nyeupe. Tukailaza mizizi juu ya magunia mabichi, tukaifunika kwa mikeka yangu mipya miwili, tukafunga kamba. Nikakaa nyuma karibu nayo, na ndoo ya maji na kikombe.

"Mama, kaa mbele kama mtu," Zakayo akasema.

"Nani atainywesha? Wewe na usukani?"

Migori tulimkuta Boke sokoni na kapu la viazi vitamu na kuku wa kuchemsha. Akaitazama mikeka, akaitazama mbingu. "Jua hili litaiua kabla ya Rongo," akasema, na bila kuuliza mtu akaenda akakata matawi mabichi yenye majani mengi, akayachomeka kuzunguka pikapu yote yatupe kivuli. Mawili marefu akayafunga mbele kwenye taa. Eti gari lipendeze.

Hapo ndipo ningepaswa kufungua mdomo. Mjaluo yeyote anajua gari lenye matawi mabichi limebeba nini. Lakini nilikuwa nimeshika paja la kuku, Zakayo naye lake, na kivuli kilikuwa kizuri mno.

Migori mpaka Rongo

Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba watu wa barabara hiyo wamekuwa na heshima. Lori likasogea pembeni lituache tupite. Wanaume wakavua kofia. Pale polisi walipoweka kizuizi, nikajua sasa tumepatikana, maana mimi na Boke tumekaa nyuma kama mbuzi wa mnada. Afisa akaja polepole, akatazama mikeka, akanitazama mimi nikiimwagia maji kwa kikombe na kuisemesha, "Vumilia, vumilia, tunakaribia nyumbani." Akavua kofia.

"Poleni sana, nyanya."

"Asante, mwanangu," nikajibu. Nani anakataa pole?

Boke akafurahi sana. "Nyar Karungu, hawa watu wanapenda ndege!"

Kufika Rongo, boda boda nne zikatoka kituoni zikatutangulia, zikipiga honi bila kupumzika, kila moja na tawi lake. Aliyeongoza aliitwa Fredi Omollo, nilimwuliza baadaye. Tukaingia barabara ya Homa Bay namna hiyo, na Boke anapunga mkono kama mke wa mheshimiwa. Kabla ya Rodi, Fredi akakata kona kuingia barabara ya vumbi, akatupungia tumfuate. Zakayo akadhani mbele pamefungwa na wanatuonyesha njia ya kuzunguka. Akakata kona.

Kwenye boma la watu

Tukaingia kwenye boma lenye turubai, viti, masufuria, na watu wengi kuliko soko. Nikaona mama mmoja anatoka mbio, mikono kichwani, na kilio ambacho nakijua. Nikatazama matawi. Nikatazama mikeka. Nikasema, "Boke, umetuua."

Yule mama aliitwa Yunia Akoth. Mume wake, mzee Ochieng', alikuwa anatoka mochari ya Migori siku hiyo, na walikuwa wameambiwa waitazamie pikapu nyeupe yenye matawi, maana kwetu ndivyo maiti anavyorudishwa nyumbani. Akapanda nyuma kabla hatujasema neno, akaikumbatia mikeka.

"Ochieng'! Umerudi! Umerudi umekuwa mwepesi hivi!"

Mkono wake ukaingia ndani ya mkeka ukatoka na tope na mzizi. Kelele zote zikakatika. Nilisikia kuku wakiparua.

"Mama," akaniambia kwa sauti ndogo, "hii ni nini mmeniletea?"

"Ni mafunjo, mama. Mizizi ya kupanda."

"Na mzee wangu yuko wapi?"

"Hatumjui, mama. Tulifuata hawa wa boda."

Fredi akaruka, "Sisi? Ni nyinyi mmepamba gari!"

Na Boke, ambaye ulimi wake haujui kukaa, akasema, "Tulifikiri mnatusindikiza kwa heshima!"

Wanaume walianza kukunja mikono ya mashati. Zakayo alikuwa ameshuka, ameshika kofia, anaomba msamaha kwa kila aliyekuwa mbele yake, hata watoto. Mimi macho yalikuwa kwa Yunia. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua analia tena. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya mizizi yetu.

"Ochieng' alichelewa harusi yake mwenyewe," akasema. "Leo amewatuma nyinyi mtangulie mtuambie tungoje!"

Basi boma zima likacheka, kicheko kile cha msibani ambacho kina machozi ndani. Nilidhani tumeachiliwa. Lakini mzee mmoja wa ukoo, jaduong' Elija, akainua fimbo. Alisema gari lenye matawi likishaingia haliwezi kutoka wakati marehemu hajafika, itakuwa kama amefukuzwa. Tungoje. Tutatoka akishaingia.

Tungoje! Na mizizi inakauka! Nikamweleza Yunia habari zote, ndege, tope, Opondo, Jumatatu. Akanisikiliza huku anajifuta macho kwa leso. "Huyo ndege anaimba na mke wake?" akauliza. "Mmoja akianza mwingine anamalizia?" Nikasema ndivyo. Akageuka akawaita wanawake waliokuwa wanateka maji ya kupikia: "Leteni hapa kwanza! Mwagieni hii!" Wakamwaga ndoo baada ya ndoo. Tukalishwa ugali, nyama na chai nzito ya maziwa, nasi tukamenya viazi pamoja na wanawake wa jikoni, maana huwezi kula msiba wa watu umekaa tu.

Gari lao lilikuwa limepata pancha karibu na Awendo. Lilipoingia jua lilikuwa limeshaegemea magharibi, na siwadanganyi, nilimlilia mzee Ochieng' kama namjua. Yunia akanishika mkono mara moja tu, akaenda kwa mzee wake. Zakayo akang'oa kila tawi kwenye pikapu, hata majani yaliyodondoka akayaokota.

Homa Bay, jua likizama

Tulipofika Homa Bay jua lilikuwa limegusa maji. Zakayo akaingia kwa dada yake Lilian Adhiambo, karibu na ziwa, akazima gari, akaweka ufunguo mfukoni.

"Sabato imeingia, mama."

"Zakayo, Kendu Bay ni hapo tu!"

"Hata ingekuwa nyuma ya nyumba hii."

Boke akaingilia. "Yesu alisema ng'ombe wako akitumbukia kisimani siku ya Sabato utamtoa."

"Ng'ombe, mama Boke. Mafunjo hakuyataja."

Nilimkasirikia, halafu nikajionea aibu, maana nilijua tangu zamani ninasafiri na nani. Lilian alikuwa amepika mapema omena na ugali, tukala. Mimi na Boke tukabeba mabeseni yake yote na kulowesha mizizi iliyoenea humo, ile mingine tukaifunika kwa magunia.

Asubuhi nikaipapasa. Ya juu ilikuwa imeanza kukunjamana kama ngozi ya mkono wangu. Kungoja mpaka jioni, na joto lile, ingekuwa kuni. Nikashuka ufukweni peke yangu, sijui natafuta nini. Nikamkuta mwanamume anapakia masanduku matupu ya soda kwenye mashua ya injini. Nikamsalimia kwa Dholuo, akaitika, kisha akaendelea kwa Kiswahili safi cha watu wa Kendu Bay.

"Unaelekea wapi, baba?"

"Nyumbani, mama. Kendu Bay."

"Leo Jumamosi unafanya kazi?"

Akacheka. Jina lake Musa Otieno, Mwislamu. "Mama, swala ya Ijumaa niliswali jana. Leo ni ya Wasabato, kesho ni yenu nyinyi. Mimi niko huru."

Nikakimbia. Mimi na miguu hii, nikakimbia!

Tulibeba mizizi mimi, Boke na Musa, safari nyingi, beseni kwa beseni. Zakayo alikuwa amesimama na suti yake na Biblia anatutazama, na niliona inamuuma. Ilipofika zamu yangu ya kupanda mashua, maji yakawa yamenifika magotini na mguu haunyanyuki. Zakayo akampa Lilian Biblia, akavua viatu, akaingia majini na suruali ya kanisani, akanibeba kama mtoto, akanikalisha.

"Na hii si kazi?" Boke akamchokoza.

"Kumbeba mama si kazi," akasema. "Jumapili alfajiri nitakuwa kwa Risper."

Majini

Boke hakuwa amepanda chombo cha maji tangu azaliwe. Alikaa chini kabisa, amekumbatia mizizi, amefumba macho. "Nyar Karungu, nikifa mwambie mume wangu jembe jipya liko nyuma ya pipa."

Mashua ya Musa ilikuwa inavuja kidogo. Maji yakaanza kupanda kwenye sakafu, na Musa akachukua kopo ayatoe.

"Acha!" tukapiga kelele sote wawili, hata Boke akafumbua macho.

"Niache nini?"

"Maji! Mizizi inakunywa!"

Musa akalirudisha kopo lake mahali pake, akatikisa kichwa. "Miaka yote hii abiria wananipigia kelele nitoe maji. Nyinyi ndio wa kwanza kuniambia niyaache."

Tukapita chini ya mlima wa Homa, upepo mwanana, mizizi imelala ndani ya maji ya ziwa lake jipya. Mahali fulani magugu maji yalitufungia njia, Musa akazima injini, tukayasukuma kwa makasia muda mrefu. Wala sikuudhika. Nilimwaga maji kwa viganja juu ya ile iliyokunjamana, nikaiona inalainika, na moyo wangu unaruka kama msichana anayepelekwa dansi.

Kendu Bay

Risper alikuwa ufukweni na akina mama wenzake, wameingia majini mpaka kifuani kutupokea. Nilitarajia machozi. Akaanza na, "Mama, mbona unanuka tope hivi?" Halafu ndipo akanikumbatia, tukanuka pamoja.

Jioni ile tuliiloweka yote pembeni ya kile kichaka kidogo. Na nikawasikia. Mluzi mmoja, na jibu lake juu yake hapo hapo. Boke akanishika bega. "Ni wale?" Nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili hiyo misa ilitupita, mimi na Boke. Nilisali magoti yakiwa ndani ya tope. Zakayo alifika jua likichomoza, kama alivyosema, na akafanya kazi ya watu wawili, kana kwamba anadaiwa na Jumamosi. Nikawaonyesha kuizamisha mizizi ikiwa imelala, isisimamishwe, na kuifunga mmoja na mwenzake kwa kamba za mafunjo jinsi tunavyoanza mkeka, ili wimbi likija likute imeshikana. Hakuna aliyenifundisha hilo. Mikono yangu ilijua tu kufunga mafunjo. Jioni, kutoka kichaka mpaka ng'ambo, palikuwa na safu ya vijiti vifupi ndani ya tope, na sisi tumelala kwenye nyasi hatuwezi hata kunywa chai.

Jumatatu baraza likaja pale pale kwenye tope. Chifu mdogo na viatu vyake vya mpira, majirani, na jaduong' Opondo na jembe begani. Akaitazama ile safu toka mwanzo mpaka mwisho.

"Walisema mafunjo hai," akasema. "Mimi naona vijiti. Risper, mwanangu, umechomeka vijiti."

Chifu mdogo akakuna kidevu. Kusema kweli vilikuwa vijiti. Opondo akainama, akashika kimoja akavuta. Hakikutoka. Akavuta tena kwa mikono miwili, kikatoka na sauti ya kunyonya, na tope likachuruzika chini.

Ubavuni mwa ule mzizi kulikuwa na ncha nyeupe, safi, urefu wa ukucha wa kidole gumba.

Opondo akaugeuza. Akaifuta ncha kwa kidole, polepole. "Hii imeota lini?"

"Njiani," Boke akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza kitu.

Ndipo dume akapiga mluzi kutoka kichaka kidogo, jike akamjibu. Hao tuliwazoea. Lakini kisha, kutoka ng'ambo, ndani ya yale mafunjo mengi, akaitikia wa tatu. Sikiliza nikuambie, hata chifu mdogo aligeuza kichwa.

Opondo akaweka jembe chini. Akapiga goti kwenye tope, mzee yule, akaurudisha mzizi mahali pake, akaulaza, akaufunga kwa jirani yake kama alivyoukuta, akaufunika kwa viganja. Akamtazama Risper.

"Huu ulikuwa umekaa juu mno," akasema kwa ukali. "Mama yako alichoka. Nimeushusha."

Walimpa alime upande wa juu, pale maji yasipofika, na akina mama wakaahidi kumsaidia kulima. Hakuna ndege aliyevuka bado. Risper ananipigia kila wiki kuniambia mashina yamefika wapi: kwanza yalimfika kifundo cha mguu, sasa yamempita goti.

Ndivyo ilivyokuwa, mnavyoniuliza kila siku. Majina nina hakika nayo yote. Lakini Boke anasema Opondo alipiga magoti yote mawili, na mimi nakumbuka goti moja tu, ingawa wakati huo macho yangu yalikuwa yamejaa maji na sikuwa naona vizuri. Kama ulikuwepo kwenye baraza lile, au unamjua aliyekuwepo, njoo uniambie ilikuwaje, nami nitalifuta moja niandike mawili.